Vidole Vitatu vya Fridah

Mvumilivu hula mbivu, ndivyo wasemavyo. Fridah alivumilia miaka kumi na mitatu, na alichokula ni uji.

Uji asubuhi. Mchana maharagwe, yamepondwa na kuchujwa mpaka yakawa maji. Jioni uji tena. Vyote vilipita kwenye mrija, kwa sababu kinywa chake hakikufunguka. Meno ya juu yalikutana na ya chini, yakakaa hivyo kama mlango uliopigwa misumari. Kidevu chake kilikuwa kidogo, nacho kilipinda upande wa kulia.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Aliishi na mama yake, Edah, mtaani Kipsongo, Kitale. Edah aliuza mboga kando ya barabara. Hatua tatu kutoka hapo, Fridah alikuwa na cherehani yake. Alikuwa fundi mzuri wa nguo. Isitoshe, kazi hiyo ilimficha. Wateja waliposikia maneno yakipenya katikati ya meno, walidhani amebana pini mdomoni.

"Toa pini kwanza, msichana! Utazimeza bure."

"Nimezoea, mama," Fridah alijibu, wala hakuwasahihisha.

Kule Kamukuywa, kwa bibi yake, hakukuwa na pa kujificha. Watoto wa huko walimwita Mzee wa Busaa, kwa sababu wazee hukizunguka chungu na kunywa busaa, pombe ya kienyeji, kwa mirija mirefu.

"Mzee wa Busaa! Chungu umekiacha wapi leo?"

Fridah alicheka nao. Alicheka mdomo umefungwa, mabega tu yakitikisika. Lakini ulipofika mwezi wa Agosti, na mahindi mabichi yakaanza kuchomwa kila kona, alikaza macho kwenye cherehani yake, akakanyaga kwa nguvu. Harufu ile ilimtesa kuliko matusi.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, Fridah aliugua malaria. Adhuhuri moja akatapika. Matapishi yalikuja kwa nguvu, yakagonga meno, yakakosa njia. Mengine yalitokea puani. Mengine yalirudi kooni. Fridah akakosa pumzi. Macho yakamtoka.

Edah alitupa sukuma wiki chini, akamlaza mwanawe kwa ubavu, akampiga mgongoni kwa kiganja. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu Fridah akavuta pumzi, na sauti yake ikawa kama ya ng'ombe aliyekabwa.

"Nimekupata," Edah alisema huku akimfuta uso. "Nimekupata, mama yangu. Lakini siku nyingine kama siko?"

Swali hilo halikuwaacha wapumzike. Edah akampigia simu mama yake, Kamukuywa. Wote walimwita Kukhu, yaani bibi, hata majirani.

"Mlete Alhamisi ijayo," Kukhu alisema. "Mzee Wekoye bado ana mkono mwepesi. Atamtoa meno mawili ya chini, hapa mbele."

"Mama, kumtoa meno?"

"Si mimi nilitolewa? Si wenzangu wote walitolewa? Ati mnadhani ilikuwa urembo tu! Mtu akikazwa taya, uji unapitia hapo. Na matapishi yanatokea hapo. Wazee wetu hawakuwa wajinga, Edah."

Edah akamtazama Fridah. Fridah akaichukua simu. Kukhu ndiye aliyemlea utotoni. Kukhu ndiye aliyempondea maharagwe ya kwanza.

"Nitakuja, Kukhu," akasema.

Siku ya Jumatatu alikuja mteja mgeni, mwanamke kijana mwenye haraka. Aliitwa Chemutai. Alikuwa afisa wa afya ya meno katika hospitali moja mjini, na alitaka koti lake jeupe lipunguzwe mikono.

"Sasa, fundi? Liwe tayari kesho, tafadhali. Hili linaingia mpaka kwenye mate ya watu."

"Kesho jioni," Fridah akajibu.

Chemutai alikuwa ameshageuka kuondoka. Akasimama. Alitazama mdomo wa Fridah, kisha akatazama kimto kidogo cha kuchomekea pini kilichofungwa kwenye cherehani. Pini zote zilikuwa hapo.

"Dada, pini za mdomoni ziko wapi?"

Fridah akaliinamia lile koti.

"Samahani, mimi kazi yangu ni midomo. Hebu fungua kinywa."

"Hakifunguki."

"Tangu lini?"

"Tangu akiwa na miaka sita," akajibu Edah, ambaye alikuwa ameshafika akiwa na fungu la mboga za managu mkononi. "Kwani wewe ni nani?"

Chemutai akajitambulisha, nao wakamtajia majina yao. Akavuta kigoda, akaketi, haraka yake ikaisha. Aliweka vidole vitatu pamoja, akavisimamisha kati ya meno yake ya juu na ya chini. Vikaenea.

"Vidole vyako mwenyewe vitatu," akasema alipovitoa. "Kinywa chenye afya huvipokea. Vikiingia viwili tu, uliza kuna nini. Kisipoingia hata kimoja, usikae nyumbani. Sasa wekeni vidole hapa, mbele ya sikio. Mama Fridah, fungua mdomo, funga. Unasikia kitu kinacheza?"

"Kinacheza," Edah akasema kwa mshangao. "Kumbe kuna bawaba hapa!"

"Ndiyo. Hicho ndicho kiungo cha taya. Wewe, Fridah?"

Fridah alibonyeza upande wa kushoto, kisha wa kulia. Alijaribu kufungua kwa nguvu zake zote. Upande wa kulia ulikuwa kimya kama jiwe.

"Uliwahi kuanguka?"

"Alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa mahindi," Edah akasema. "Kwa mama yangu, Kamukuywa. Kidevu kikapasuka. Mama alikiosha vizuri, kikapona. Akamfunga taya kwa leso, kutoka kidevuni mpaka utosini, ili lisicheze. Mwezi mzima."

Chemutai alitikisa kichwa polepole.

"Kidevu kilipona. Kilichovunjika kilikuwa huku juu, kwenye kiungo, mahali pasipoonekana. Mtoto akipigwa kidevuni, pigo husafiri mpaka hapa. Mguu uliovunjika hufungwa usicheze. Lakini kiungo hiki cha taya kwa mtoto, kikikaa muda mrefu bila kucheza, mfupa unaweza kukua na kukiziba. Taya likashikana na kichwa. Hali hii si ya kawaida, lakini ipo. Na si laana, wala si jino."

"Kwa hiyo ni ile leso?" Edah akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni kule kuanguka. Leso ilifungwa kwa upendo, ila haikusaidia."

"Alhamisi natolewa meno mawili," Fridah akasema. "Ili uji upite."

"Kogo wangu, bibi yangu kule Mlima Elgon, pia alitolewa, kwa hiyo sikucheki. Lakini nyumba mlango umekwama, ndani kuna moto. Ukitoboa kidirisha kidogo, mtu atatoka? Meno yatakuwa yameenda, na taya litabaki pale pale. Ukitapika tena, hatari ni ile ile."

"Na mlango unafunguliwa vipi?"

"Kwa upasuaji. Eldoret kuna daktari bingwa wa uso na taya. Kliniki yake ni Alhamisi."

Fridah na mama yake wakatazamana. Alhamisi ile ile.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kuondoka, Fridah alimpigia Kukhu simu mwenyewe. Hakutaka kumwachia mama yake kazi hiyo.

"Kukhu, siji. Naenda Eldoret, kwa daktari."

"Huji? Wekoye ameshafika! Kisu amekinoa. Kuku yuko jikoni. Nimeita watu waje kuomba na sisi. Niwaambie nini?"

"Waambie wamle huyo kuku."

Simu ikakatika. Haikulia tena kwa wiki nyingi.

Daktari wa Eldoret aliitwa Wahu, mama mfupi mwenye sauti ya upole. Fridah alipigwa picha ya mashine, ile inayoonyesha mfupa kila upande. Daktari akamwonyesha. Upande wa kushoto palikuwa na mwanya mweusi kati ya taya na kichwa. Upande wa kulia hapakuwa na mwanya. Palikuwa na donge jeupe la mfupa.

"Nitapasua hapa, mbele ya sikio," daktari akasema. "Nitalitoa donge hili. Kwenye pengo nitaweka msuli kutoka hapa pembeni mwa kichwa, ili mifupa isigusane tena. Kovu litafichwa na nywele."

"Nitalalaje? Mpira wa pumzi utapita wapi?" Fridah akauliza. Alikuwa amewaza jambo hilo siku tatu.

"Swali zuri sana. Utapita puani. Una kamera ndogo mbele, kwa hiyo tunaona njia. Nitakuambia na jambo jingine, nisikufiche. Karibu na hapo kuna mshipa wa fahamu unaoinua nyusi. Unaweza kulegea kwa muda. Mara chache haurudi sawa. Na kidevu hakitanyooka siku hiyo. Hicho ni upasuaji mwingine, ukitaka, baadaye."

"Kidevu kinaweza kungoja," Fridah akasema. "Mahindi hayangoji."

Daktari Wahu akacheka, akaandika tarehe.

Upasuaji ulichukua saa tano. Edah alizimaliza akizunguka uani, akihesabu madirisha ya hospitali. Fridah alipozinduka, uso ulikuwa mzito na umevimba. Mama yake alikuwa ameinama juu yake.

"Jaribu," Edah akanong'ona. "Kidogo tu."

Fridah akajaribu. Kitu kikasogea. Kisha akahisi jambo ambalo alikuwa amelisahau kabisa. Upepo uligusa ulimi wake.

Edah akaketi chini sakafuni, palepale, akalia mpaka nesi akaja kumuuliza mgonjwa ni yupi.

Watu wengi hudhani kazi huishia hapo. Kwa Fridah, ndiyo iliyoanza. Baada ya siku chache alipewa vijiti bapa vya mbao, kama vile daktari anavyobonyezea ulimi. Alitakiwa kuvipanga pamoja na kuviingiza kati ya meno, mara sita kwa siku, akiongeza kimoja kimoja. Alipoondoka hospitalini, vilikuwa vikiingia vijiti kumi na vinne. Cha kumi na tano kilimtoa machozi.

Wiki ya tatu, pale Kipsongo, alivitupa.

"Mwache apumzike leo," Edah alimwambia Chemutai, aliyekuwa amepita kumjulia hali. "Anaumia, bana. Mimi ni mama."

"Mama, ukimhurumia leo, mfupa ndio utakaoshukuru. Utakua tena, uzibe pale pale. Wengine hurudi kupasuliwa kwa sababu waliacha mazoezi. Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, ngoja nusu saa, kisha vijiti. Mwezi baada ya mwezi. Si siku mbili."

Fridah aliinuka, akaviokota vijiti kimoja kimoja, akaviosha. Nyusi yake ya kulia ilikuwa bado imelala, basi hasira yake ilionekana upande mmoja tu.

"Unanikasirikia nusu," Chemutai akasema. "Nashukuru kwa hiyo nusu nyingine."

Fridah akacheka. Kwa mara ya kwanza kicheko kilitoka na sauti, kikubwa, kibaya, kama debe lililoanguka. Mteja aliyekuwa akipita akageuka. Fridah akacheka zaidi.

Mwezi wa Julai nyusi iliamka. Mwezi wa Agosti vidole vitatu viliingia, vikaenea.

Ndipo Fridah na mama yake wakaenda Kamukuywa.

Walimkuta Kukhu jikoni, ameketi kando ya jiko la makaa, anachoma mahindi. Mzee Wekoye alikuwa hapo pia, mkongojo kati ya magoti. Wajukuu walijaa mlangoni. Hakuna aliyeita Mzee wa Busaa.

"Umekuja," Kukhu akasema, bila kuinua macho.

"Nimekuja, Kukhu."

"Wanasema ni leso yangu iliyokufunga."

"Daktari alisema ni mkokoteni. Leso uliifunga kwa kunipenda. Mtoto mwingine akiangukia kidevu, Kukhu, usimfunge. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, apigwe picha."

Kukhu aligeuza hindi. Kisha akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akalitoa hindi motoni, akalipuliza, akampa Fridah.

"Hebu tuone."

Fridah alifungua kinywa. Akauma. Punje zilipasuka, tamu na moto, na sauti yake ikasikika mpaka mlangoni. Watoto wakapiga kelele. Edah akafuta macho kwa kona ya leso. Kukhu alitabasamu, na pengo lake la meno mawili likaonekana lote.

Lakini Kukhu alikuwa Kukhu.

"Sawa. Umepona, Mungu asifiwe," akasema. "Sasa kuna jambo moja. Mzee Wekoye alikaa hapa kutwa nzima akikungoja. Alinoa kisu. Watu wamejaa hapa, nawe simuni ukasema wamle kuku. Huyu ni mzee. Mwombe msamaha."

Wekoye akakohoa, akanyoosha shingo, akangoja.

Fridah aliuma tena. Alitafuna polepole, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Wote walimtazama taya likipanda na kushuka. Akameza. Akapitisha ulimi juu ya meno yake ya chini, yote yakiwa mahali pake.

"Siombi," akasema.