Ukuta wa Kofia

Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, Mama Magongo alifuta vumbi kwenye viti vya magurudumu huku akivisalimia kimoja kimoja. Jina hilo alipewa na watu kwa sababu ya kazi yake. Alikodisha magongo ya kutembelea, vitanda vya wagonjwa na mashine za oksijeni. Kazi hiyo ilianzishwa na mume wake, ambaye sasa ni marehemu.

Mzee yule alikuwa mtu wa mizaha. Kila kifaa alikipa jina la utani. Mashine mbili za oksijeni aliziita Mpole na Mkorofi, maana ile ya pili ilinguruma. Ukutani alipigilia misumari, na juu ya kila msumari akaandika jina la kifaa. Mteja akikodi kifaa, aliacha kofia au kitambaa chake msumarini mpaka akirudishe. Mwashi aliacha kofia yenye saruji. Mwalimu mmoja hakuwa na kofia, akaacha tai. Msumari wa mwisho ulikuwa wa kofia ya mzee mwenyewe. Ukitupa jicho ukutani, ulijua mara moja ni nini kimetoka. Siku hizo duka lilijaa vicheko.

Lakini mzee alifanya kazi peke yake na ukuta wake. Sasa binti yao alipokea simu za wateja akiwa kwake, upande wa pili wa mji, kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga. Kutoka huko ukuta hauonekani.

Siku moja dereva wa lori aliingia dukani akihema. Alikuja kumchukua Mpole, kama binti alivyomwahidi kwa simu. Mama Magongo akatazama ukutani. Asubuhi ile ile alikuwa amemkabidhi Mpole mke wa fundi viatu. Mtandio wake ulikuwa unaning'inia msumarini.

“Mama, baba yangu ameshavaa viatu,” dereva alisema polepole. “Amekaa kitandani hospitalini anasubiri kuja nyumbani. Nimwambie nini?”

 Mkorofi alikuwepo, lakini hakuwa amekaguliwa tangu aliporudishwa. Mashine kama hiyo mgonjwa hapewi. Ikabidi yule baba abaki wodini mpaka fundi alipomaliza kumkagua Mkorofi. Hakuna aliyedhurika. 

Jirani wa Mama Magongo, mwanamke kijana anayetengeneza mifumo ya kompyuta, alipita kumjulia hali. Akamkuta ameshika tama, akasimuliwa yote.

“Mama, ukuta wako haukukosea,” jirani alisema. “Ila anauona aliyesimama mbele yake tu. Tutengeneze ukuta wa mtandaoni, ambao wewe na dada mtauona kwenye simu, popote mlipo.”

“Mwanangu, mimi hata kutuma picha nabahatisha.”

“Ndiyo maana nitaanza kwa kukusikiliza wewe.”

Na kweli alikaa dukani, akauliza kazi inavyokwenda, kisha akaujenga mfumo. Kila kifaa kilipewa namba na hali yake: kipo dukani, kipo kwa mteja au kipo kwa fundi. Kikiwa kwa mteja, mfumo unakataa kukiahidi kwa mwingine. Kikirudi, hakitoki tena mpaka kisafishwe na kukaguliwa. Tarehe ya kukirudisha ikikaribia, simu inakumbusha. Jirani alieleza pia kwamba kila mmoja awe na neno lake la siri, kwani ugonjwa wa mteja si jambo la kuonwa na kila mtu. Mtandao ukikatika, mama na binti wapigiane simu kabla ya kukabidhi chochote.

Mama Magongo alipoona namba tupu kwenye simu, alinuna.

“Kwa hiyo na Mpole naye amekufa?”

 Jirani akaongeza nafasi ya jina. Mama akayataja majina yote, na binti, kwenye simu, akayakumbuka mengine huku akicheka na kufuta machozi.

Kwa muda walitumia ukuta na mfumo kwa pamoja, mpaka wakauamini. Dereva alipomrudisha Mkorofi, alisema baba yake amepata nafuu, ila analalamika kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Mama Magongo alicheka kama zamani. Akabonyeza simu, na huko kwake binti akaona kwamba Mkorofi amerudi na anasubiri kukaguliwa.

Wateja hawakuhitaji tena kuacha kofia. Jirani alikuja kusaidia kupaka ukuta rangi, akakuta kofia moja imebaki kwenye msumari wa mwisho.

“Na hii, Mama, tuiandike inarudi kwa mwenyewe lini?”

Mama Magongo aliishika ile kofia, akaifuta vumbi, akairudisha msumarini.

“Hiyo iache hapo,” alisema. “Hiyo haina tarehe.”

Jirani akapaka rangi kuuzunguka msumari ule.