Uso Nyuma ya Mshumaa

Mwali wa mshumaa ulimwinamia Pudentienne, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mtaa wa Kiyovu, mwaka 1991. Vita vilipoanza kaskazini, mwajiri wake, Madamu Nalini, alirudi Bombay akamwachia nyumba ailinde. Alimwachia pia zoezi moja: kaa kitako, nyoosha mgongo, tazama mwali, fikra zishike jambo moja tu.

"Kingine kikija," alimwambia, "usikikaribishe. Kiache kipite."

Pudentienne alitii miezi miwili. Kisha, kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya mno, aliacha kuufikiria mwali akamfikiria Umutoni, binti yake aliyekufa kwa surua akiwa na miaka sita. Mtoto hakuwahi kupigwa picha. Uso wake ulibaki mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa mama yake.

Siku ya tisa, nyuma ya mwali, uso ule ulifumbua macho.

"Karibu, mwanangu," Pudentienne akasema. Nani angeweza kumlaumu?

Melchior, mtunza bustani wa jirani, alimwita kutoka ng'ambo ya ua.

"Mama Pudentienne, umepata bwana? Kila asubuhi iko watu wawili wanaongea humo."

"Niko peke yangu."

"Basi huyo peke yako iko na sauti nzito!"

Pudentienne hakucheka. Alikuwa ameanza kunusa nywele zilizoungua, na kusikia pumzi ya pili ikivutwa pale yeye alipotoa yake, na kila alipokaa alikawia zaidi kuinuka, mpaka asubuhi moja Melchior, akiifuata harufu ya nyama, aliruka ua akamkuta akitabasamu huku kidole chake kimo ndani ya mwali, kimeiva hadi kwenye ukucha, naye hana habari, kifua chake kimetulia kabisa, na bado chumbani mle kuna kitu kinachohema.

Melchior alimpeleka mtaa wa Biryogo kwa Usumani, fundi cherehani aliyewasomea watu wenye majini. Mzee alisikiliza bila kumkaripia.

"Jini huyu hana sura yake mwenyewe, mama," akanong'ona. "Amevaa ile uliyompa. Nikimtoa, atatoka nayo."

"Na akibaki?"

"Pumzi yako itakwisha."

"Sura yote, mzee? Hata kidogo haitabaki?"

"Yote. Pole, mama yangu."

Pudentienne alifumba macho, akamtazama mwanawe mara ya mwisho, akawasimulia wale wanaume wawili, taratibu, asisahau kitu: pengo la mbele, nyusi zinazokutana, kovu dogo kidevuni.

"Sasa soma," akasema.

Usumani alisoma hadi adhuhuri. Ile harufu ikaisha.

Wakipanda mlima kurudi, Melchior alimrudishia yote aliyokariri. "Pengo hapa mbele. Nyusi zinakutana. Kovu kidevuni. Unamwona, mama?"

Pudentienne alimsikiliza kwa adabu, kama anayesimuliwa habari za mtoto wa watu.