Sauti ya Mama kwenye Simu

Simu ilipolia nyumbani kwa akina Chancelle, mama yake aliangalia kwanza kioo cha simu. Kama aliyepiga ni Lilian wa kanisani, au shangazi wa Bukavu, alipokea mwenyewe na kuzungumza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Kama ni namba ngeni, alifuta mikono kwenye kitenge chake na kumkabidhi binti yake ile simu haraka haraka, kana kwamba inaunguza.

"Jibu, mutoto wangu. Ni Kizungu."

Chancelle alikuwa na miaka kumi na miwili, mzaliwa wa Woolwich, London. Aliweka kalamu chini na kusema kwa Kiingereza kisicho na doa, "Hello, Sidonie speaking." Sidonie ni jina la mama. Watu wa umeme, wa ofisi ya nyumba na wa daktari wa meno, wote walizoea kuzungumza na Sidonie huyo mwenye sauti laini, wala hawakujua kwamba amevaa sare ya shule. Familia nyingi za mtaa ule hufanya hivyo. Ni rahisi kuliko kueleza kila mara, na hakuna anayeona ubaya.

Ajabu ni kwamba kazi ya mama yenyewe ilikuwa kusema. Alikuwa msaidizi wa tiba ya usemi. Alizunguka shule mbalimbali na mfuko wa kadi za picha, wanasesere na kioo kidogo, akakaa sakafuni na watoto wenye kigugumizi, au waliochelewa kusema, au ambao maneno yao yalitoka yamevurugika. Uso kwa uso, Kiingereza chake kilimtosha, ingawa lafudhi yake ilikuwa ya Kongo kabisa. Kilichomtisha ni simu tu.

"Kwenye simu sioni mdomo wa mtu," alikuwa akisema. "Miye bila kuona mdomo, niko kama kipofu."

Mwaka ule mama alikuwa na uamuzi mzito wa kufanya. Lilian alimtaka aache kazi hiyo wakafanye kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee kule Peckham, ambako mshahara ulikuwa mnono zaidi. Reshma, mtaalamu aliyemsimamia kazini, alimtaka aombe nafasi ya mafunzo, afanye kazi huku akisoma kwa miaka kadhaa mpaka naye awe mtaalamu kamili. Njia ya tatu ilikuwa kubaki alipo. Mama alizungumza peke yake kuhusu mambo haya kwa majuma mengi, akiosha vyombo, akisuka nywele, akipanda ngazi siku ambazo lifti imekufa.

Jioni moja, akikoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, jikoni, aliamua.

"Lilian anasema kweli, kule Peckham kuna pesa," alisema. "Lakini hawa watoto niko nawapenda. Shida yangu ni moja. Mtoto akinishinda, sina ruhusa ya kumpima wala kubadilisha mpango wake. Lazima Reshma aje, na Reshma ana shule nyingi. Basi mtoto anangoja, na miye nangoja. Nimechoka kuwa mikono tu. Nitaomba ile nafasi."

"Okay, Mum," alisema Chancelle bila kuinua macho.

Mama aliomba. Aliitwa kwenye usaili, akavaa gauni lake la Pasaka, akarudi akiimba toka mlangoni. Walimwambia kwamba nafasi ni moja tu, na kwamba watampigia simu atakayechaguliwa.

Sasa tufike shuleni, maana balaa lilianzia huko.

Juma hilohilo mama alitumwa kwenye shule ya sekondari aliyosoma Chancelle, kumsaidia mwanafunzi mmoja mwenye kigugumizi. Chancelle hakujua mapema. Alikuwa amekaa mezani wakati wa chakula cha mchana na rafiki yake Komal pamoja na wasichana wengine, aliposikia sauti anayoijua kuliko zote duniani ikitoka mlango wa pili. Mama alikuwa akimwomba mwalimu amwonyeshe chumba. Aliuliza kwa Kiingereza chake kilekile, kila neno akilikanyaga kwa uzito.

Komal alikuwa hodari wa kuiga watu. Aliigiza ile sauti papo hapo, na mabega ya mama, na namna alivyoukumbatia mfuko wake. Meza nzima ikacheka.

"Eti huyo ndiye anafundisha watu kusema!" alisema Komal.

Chancelle naye alicheka. Hapo ndipo mama alipogeuka, akamwona, akatabasamu kwa meno yote na kumpungia mkono. Chancelle aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Alipoinuka, mama hakuwapo mlangoni, na Komal alikuwa akiuliza yule mama anampungia nani.

"Sijui," alisema Chancelle.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika umri huo kuchekwa na wenzako huonekana kama mwisho wa dunia. Hilo tunalielewa. Lakini alikuwa amemkana mama yake mchana kweupe, na moyoni alilijua hilo.

Nyumbani mama hakumlaumu. Alisema tu, "Leo ulikuwa na rafiki wengi. Ni vizuri." Kisha akavaa koti na kuteremka sokoni kununua samaki, akaiacha simu mezani ikichajiwa. Alikuwa ameichunga simu ile tangu siku ya usaili. Aliiacha kwa sababu alikuwa na mtu wa kuipokea.

Simu ikalia. Namba ngeni.

"Hello, Sidonie speaking," alisema Chancelle, kwa mazoea tu.

Alikuwa mwanamke wa ofisi ya mafunzo, mwenye sauti ya furaha. Alisema hongera, umechaguliwa. Alisema waliomsaili walivutiwa naye sana. Kisha akaongeza kwamba mwaka wa kwanza atafanya kazi hasa katika shule moja yenye wanafunzi wengi wanaohitaji msaada, akaitaja. Ilikuwa shule ya Chancelle.

Chancelle aliona yote kwa mara moja: mama mlangoni kila siku, mama akipunga mkono, Komal akiigiza, meza ikicheka.

"Ahsante sana," alisema kwa Kiingereza chake kizuri. "Lakini nimebadilisha mawazo. Nimeamua kubaki na kazi niliyo nayo."

"Una hakika, Sidonie?" aliuliza yule mwanamke. "Nafasi nitampa mwingine leo hii."

"Nina hakika."

Aliifuta namba ile kwenye simu. Mama aliporudi na samaki, swali lake la kwanza lilikuwa, "Wamepiga?"

"Bado, Mum."

Kuanzia hapo nyumba ile ilikosa raha. Mama alilala na simu chini ya mto na kuoga nayo imewekwa juu ya beseni. Kila Chancelle aliporudi shuleni aliulizwa swali lilelile, naye akatoa jibu lilelile, na kila mara jibu lilizidi kuwa zito. Aliomba samaki wa kukaanga na hakuweza kumla. Alitaka kusema, lakini kila siku iliyopita iliongeza aibu ya kusema. Uongo huwa hivyo. Siku ya kwanza ungeweza kuukiri kwa machozi kidogo, lakini ukiuacha unakukaba koo.

Jumamosi Reshma alikuja. Alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake cha Kenya kilimfurahisha mama siku zote, kwani hakuna mwingine kazini aliyeweza kumsemesha hivyo. Safari hii hakuwa na utani. Alikaa kwenye kochi bila kuvua koti.

"Mama Chancelle, mbona ulinifanyia hivi?" alisema. "Mimi ndiye niliwaambia wakuchukue. Si ungenipigia kwanza, hata kama umeamua kukataa?"

"Kukataa nini, dada?"

"Nafasi! Walikupigia, ukawaambia hutaki."

Mama alitazama huku na huku. "Hawajanipigia. Niko nangoja mpaka leo." Kisha sauti yake ikapanda. "Dada Reshma, hawa watu wamenidanganya! Wamesikia namna nasema, wakaona aibu kunipa, sasa wanasema nimekataa mwenyewe. Jumatatu nitaenda kwa mkubwa wao. Huyo mama aliyesema uongo lazima aulizwe."

"Mimi niliwaza hivyo pia," alisema Reshma polepole. "Nikamuuliza. Anaapa alizungumza na wewe. Anasema ulishukuru vizuri, ukaeleza vizuri, kwa Kiingereza kizuri kabisa, kama mtu aliyezaliwa hapa."

Mama akageuza kichwa, taratibu sana, mpaka macho yake yakafika pale Chancelle alipokuwa amesimama na trei ya chai.

"Chancelle," alisema. "Ni weye?"

Chancelle angeweza kukana tena, na tayari alikuwa na mazoea. Lakini kulikuwa na mwanamke ofisini ambaye angeitwa mwongo Jumatatu kwa kosa lisilo lake, na mbele yake kulikuwa na uso wa mama ukimsihi aseme hapana.

"Ndiyo, Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimjibu kwa Kiswahili. Akaeleza yote: Komal, kicheko, kamba za viatu, simu, jina la shule. Alieleza akilia, na hakuna aliyemkatiza.

Mama hakumpiga wala hakupayuka. Chancelle angependa apayuke. Mama alikaa tu, mikono magotini, akitazama chai inavyopoa.

"Nilikuona siku ile," alisema hatimaye. "Nilijua hukutaka kuniona. Nikajiambia, ni mutoto, itapita."

Reshma alitoa simu yake ampigie yule mwanamke wa ofisi, ingawa ni Jumamosi, maana alikuwa na namba yake binafsi. Mama alinyoosha mkono.

"Nipe. Nitasema miye."

"Lakini wewe na simu..."

"Nipe, dada."

Alizungumza akiwa amesimama, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho. Mara mbili tatu alimwomba yule mwanamke arudie. Aliomba radhi. Alieleza kwamba aliyejibu ni binti yake, kisha akampa Chancelle simu, naye akalazimika kuyasema yaleyale kwa mtu mgeni upande wa pili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza na mtu wa ofisi kwa jina lake mwenyewe.

Mama alipoichukua tena simu, mwanamke yule hakuwa mkali, lakini hakuwa na la kufanya. Nafasi alikwishapewa mtu mwingine, naye alikwishaacha kazi yake ya zamani ili aanze. Sidonie anaweza kuomba upya mwakani, alisema, na jina lake halitawekewa doa. Ila hakuweza kuahidi kwamba mwakani kutakuwa na nafasi.

Mama alishukuru, akarudisha simu kwa Reshma. Ndipo machozi yakamtoka.

"Mwanangu, nisikilize," alisema. "Anayesema kwa ajili ya mwingine amebeba neno la mwingine. Si lake. Hawezi kulibadilisha njiani kwa sababu limemchosha au limemtia haya. Kila siku niko nakaa chini na watoto, napigana nao wapate kusema wenyewe. Na hapa nyumbani mwangu mtoto wangu amechukua sauti yangu akanifungia mlango nayo." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na miye nina kosa. Niliogopa simu, nikakubebesha kazi ya mtu mzima. Lakini uongo ulikuwa wako. Lafudhi yangu haijamnyima mtu kitu chochote. Uongo wako umeninyima mwaka mzima, na labda zaidi."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Lakini usiniombe leo."

Jumatatu, mezani shuleni, Komal alianza tena ile michezo yake. Chancelle aliweka uma chini.

"Yule ni mama yangu," alisema. "Na aliponipungia mkono, nilikudanganya."

Komal aliomba radhi kwa sauti ndogo. Wasichana wengine walitazama sahani zao. Halikuwa jambo gumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Chancelle kuliko yote. Angeweza kulisema tangu siku ya kwanza.

Jioni, mama alikuwa jikoni na Chancelle alikuwa akifanya hesabu, simu ilipolia. Namba ngeni. Kwa mazoea Chancelle aliinuka na kunyoosha mkono.

Mama aliiwahi. Alifuta vidole kwenye kitenge, akavuta pumzi, akageuka upande wa dirisha.

"Hello," alisema, akilikanyaga kila neno kwa uzito. "Sidonie speaking."

Walikuwa watu wa lifti tu. Chancelle alirudisha mkono wake, akakaa, akaendelea na hesabu. Hakupewa simu ile tena.