Cherehani Isiyo na Mkanda

Siku hiyo cherehani ya miguu iliyosukumwa kwenye kona ya karakana ya ushonaji ilinukia mafuta mapya, ingawa haikuwa na mkanda na hakuna aliyeigusa kwa miaka. Kasuku alinusa, akakunja pua, akaendelea na kazi. Walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila umeme ulipokatika mchana na cherehani za mota kunyamaza, mafundi wenzake walimgeukia awasimulie habari za majini. Naye, kwa uchokozi wake, umeme ukirudi alikatiza mahali patamu ili wamsubiri kesho.

"Mnapendea nini kutishana?" aliuliza Shangazi, mwenye karakana.

"Ikiisha, Shangazi, unajikuta uko salama na kila mtu yuko mahali pake. Utamu wenyewe ndio huo."

Hadithi ya wiki ile ilihusu jini tasa anayetafuta mtoto. Ili wenzake washtuke zaidi, Kasuku alimpa mtoto wa hadithi sura ya binti yake mchanga, aliyekuwa bado akimnyonyesha, mpaka kidoa cha shavuni. Binti mwenyewe alikuwa amelala palepale kwenye kapu la vipande vya vitambaa, akiwa amevaa nepi tu kwa sababu ya joto.

Umeme ukakatika. Kasuku akaanza, "Jini akainama juu ya kapu..."

Kwenye kona, sindano ikagonga. Akanyamaza, nayo ikanyamaza.

"Nani anashona?" Shangazi alinong'ona.

"Hakuna mtu," fundi mmoja alijibu. "Haina mkanda ile."

Kila aliposema neno sindano iligonga, na hapo Kasuku alielewa kwamba kuna kitu kinamsikiliza, kwamba kimemsikiliza wiki nzima na kukatiziwa utamu kama wenzake, akaogopa kunyamaza, akaogopa kuendelea, na huku kanyagio likipanda na kushuka bila mguu juu yake, akaharakisha kuufikia mwisho ambao hakuwahi kuupanga.

"Jini akaenda zake. Mtoto akabaki na mama yake. Imekwisha."

Sindano ikatulia. Umeme ukarudi, feni ikazunguka, fundi mmoja akacheka kwa kushusha pumzi. Kasuku alikimbilia kapu. Binti yake alikuwepo, mzima, ametulia, amevaa kigauni cheusi kilichomkaa sawasawa.

Shangazi alinyoosha kidole kuelekea kwenye kona. Chini ya sindano kulikuwa na kigauni kingine cha kitambaa kilekile, kikubwa kidogo, cha mtoto aliyeanza kutembea.