Majibu Matatu ya Maren

Joleen Heeren alifagia gereji ya nyumba yao, banda la kuegeshea gari, mara tatu asubuhi ile. Gari la mumewe lilitolewa nje. Mashine ya kukatia nyasi ilisukumwa ubavuni mwa nyumba na kufunikwa shuka kuukuu. Meza sita za kuazima kanisani zilipangwa mstari. Katika mji wa Wellsford, Iowa, Marekani, mtoto akimaliza sekondari, sherehe yake hufanyika gerejini. Gereji ikiwa chafu, anayesemwa ni mama.

Maren, binti yao wa pekee, alikuwa akibandika picha zake ubaoni ili wageni wazione. Maren mchanga. Maren bila meno ya mbele. Maren na nguruwe wake aliyeshinda maonyesho ya wilaya.

"Mama, hii ya kwenye beseni hapana."

"Kila mtoto ana picha ya beseni. Bandika."

Baba yake, Delmar, akaingia amebeba boksi kubwa kwa mikono miwili. Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Funueni muone!"

Ilikuwa keki ya kijani na nyeupe, rangi za chuo kikuu kilichomkubali Maren. Nembo ya chuo ilichorwa katikati, na chini yake maneno: Hongera Maren, Agosti Haiko Mbali. Agosti ndipo chuo kingefunguliwa.

Maren alisema ahsante.

Delmar aliendesha lori la chakula cha nguruwe miaka ishirini na sita. Yeye mwenyewe hakusoma zaidi ya sekondari. Tangu Maren azaliwe, alikuwa akiweka akiba ya chuo kikuu. Ada, bweni, chakula, vitabu, vyote angelipa yeye. Hakutaka binti yake akope hata senti. Watoto wangapi hupata bahati hiyo? Maren alijua ni bahati. Ndiyo maana alishindwa kusema.

Tatizo lake lilikuwa moja. Hakujua anataka kusoma nini. Fomu ya chuo ilipouliza fani, aliitazama orodha mpaka macho yakauma, kisha akachagua ya kwanza, uhasibu, ambao kwa Kiingereza huanza na A. Basi. Maisha yake yote ya mbele yaliamuliwa na herufi za mwanzo wa orodha. Kila alipofikiria Agosti, kichwa kilijaa ukungu.

Saa saba mchana wageni walianza kuingia. Wakala mikate ya nyama na saladi ya viazi. Na kila mmoja, akishaangalia ubao wa picha, alimfuata Maren na swali lilelile.

"Ehe, unaenda kusoma nini?" aliuliza shangazi yake, Lorna.

"Uhasibu, shangazi."

"Wewe? Si ndiwe uliyekuwa ukijifungia chooni kipindi cha hesabu kikifika?"

Shangazi alicheka kwa sauti. Maren aliona aibu. Kwa hiyo Kocha Stumme, aliyemfundisha mpira wa wavu, alipouliza, Maren alimjibu, "Uuguzi." Kocha akafurahi. Mchungaji Haack alipouliza, alijibiwa, "Ualimu." Mchungaji naye akafurahi. Maren akaona mambo si mabaya. Kumbe hao watatu walikwenda kukaa meza moja.

"Tutapata muuguzi hodari," alisema kocha huku akitafuna.

"Muuguzi?" Mchungaji alishangaa. "Si mwalimu?"

"Nyie mmekunywa nini?" Shangazi Lorna alipaza sauti. "Mtoto anaenda kusomea uhasibu. Kaniambia mwenyewe sasa hivi."

Watu walicheka. Delmar alikuwa anapakua nyama pale pembeni. Aliacha kupakua.

"Maren, mwanangu. Ni lipi?"

"Sijui, baba."

"Hujui lipi kati ya hayo?"

"Sijui hata moja." Neno lilishatoka, na hakuweza kulirudisha. "Sitaki kwenda chuo kikuu mwaka huu. Nataka kuanza hapa nyumbani. Chuo cha jamii."

Chuo cha jamii kilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Kilifundisha miaka miwili tu, na kilipokea kila aliyeomba.

"Chuo cha jamii," alisema Delmar. "Ile sekondari yenye maegesho makubwa."

Ulikuwa utani wa mji mzima, kwamba kile si chuo hasa, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Delmar aliweka chini kijiko, akatoka nje. Maren alimwona baba yake akisimama peke yake karibu na mashine ya nyasi, amewapa wageni mgongo. Alitaka kulia. Alitaka pia kumkasirikia. Hakujua aanze na lipi.

"Njoo nami," alisema Bi Verna Oltmann, jirani wa upande wa pili wa ua. Alikuwa amestaafu kazi ya usajili katika chuo hichohicho cha jamii, na ule utani wa maegesho ulikuwa umemkera vya kutosha. Akakata kipande cha keki, akatangulia nje, Maren nyuma yake.

"Kula, Delmar. Ukishakula tutaongea."

"Nimekosea wapi, Verna?" Delmar hakuipokea sahani. "Nimemwandalia kila kitu. Mtu anapewa nyumba, anaomba hema!"

"Hujakosea. Lakini nimekaa kwenye lile dirisha la usajili miaka thelathini. Kila Januari niliona vijana waliorudi kutoka vyuo vikuu na magodoro yao. Walikwenda bila kujua wanataka nini. Wengine walibadili fani mara tatu, akiba ya wazazi ikaisha njiani. Hawakuwa wajinga, walikuwa hawajajua tu."

"Kwa hiyo chuo chako ndiyo dawa?"

"Sijasema hivyo. Hata kwetu wapo wanaopotea, tena wengi. Maren, umeshajiandikisha?"

Maren alifuta macho. "Ndiyo. Ijumaa, kwa simu."

"Hebu nione."

Bi Verna alivaa miwani, akasoma kwa sauti orodha ya masomo kwenye simu ya Maren. "Ufinyanzi. Kuogelea. Historia ya filamu za mapigano. Kupiga picha." Akavua miwani. "Na baada ya miaka miwili?"

"Nahamia chuo kikuu, naingia mwaka wa tatu."

"Nani kakwambia?"

"Watu wote wanasema."

"Hao watu wote hawajawahi kukaa dirishani kwangu. Ukienda chuo kikuu na kuogelea na filamu za mapigano, watakupongeza sana, halafu watakuambia uanze mwaka wa kwanza."

Njia ya baba ilimtisha Maren, na sasa hata njia yake mwenyewe aliikosea. Alimtazama baba yake akitegemea atasema, "Unaona?" Badala yake Delmar alikuwa anamtazama kwa huruma.

"Sasa afanye nini?" aliuliza Delmar.

"Asikilize, na wewe usikilize," alisema Bi Verna. "Miaka miwili ya kwanza, sehemu kubwa ni masomo ya msingi. Uandishi, hisabati, sayansi, historia. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayasoma, awe mhasibu au muuguzi. Kwetu yanafundishwa pia, kwa ada ndogo. Lakini si kila somo linahamishika. Vyuo vina makubaliano ya maandishi, somo gani la hapa linahesabiwa kuwa somo gani la kule. Kila chuo kikuu kina masharti yake. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua somo, muone mshauri wa uhamisho pale chuoni. Mwambie unataka kuhamia wapi. Akikujibu kwa mdomo, omba karatasi."

"Na kama sijui nitasoma nini?"

"Mwambie hivyohivyo. Hiyo ndiyo kazi yake. Atakupangia masomo ya msingi yatakayokuonjesha hiki na kile. Na hao wa chuo kikuu waandikie barua, waambie huji mwaka huu. Usiwatoroke, utawahitaji."

"Na akiba yangu?" Delmar aliuliza taratibu.

"Ikae. Utamlipia miaka ya mwisho."

"Mpaka wakati huo mimi nifanye nini?"

"Mlishe," alisema Bi Verna, akamtilia sahani mkononi kwa nguvu.

Wiki mbili Delmar aliongea na binti yake habari za mvua tu. Alikuwa ameumia, na Maren alijua. Halafu Jumatatu moja alivaa shati safi, akasema, "Twende kwa huyo mshauri." Ofisini aliuliza maswali mengi kuliko Maren. Aliuliza somo kwa somo, "Hili linahamishika? Imeandikwa wapi?" Kuogelea kulifutwa, na filamu, na picha. Ufinyanzi ulibaki, kwa sababu kila mwanafunzi alidaiwa somo moja la sanaa. Maren alifurahi kupata hilo moja.

Mwaka wa kwanza haukuondoa ukungu wote. Maren alijaribu darasa la utangulizi wa afya, akazimia alipoona damu. Uuguzi ukaishia hapo. Somo la uchumi lilimpa usingizi. Kuna jioni alimwambia mama yake, "Labda mimi sina ninachokipenda." Joleen alimwambia amenye viazi.

Mwaka wa pili alisoma biolojia. Mwalimu aliwaambia kila mmoja alete chupa ya maji ya kisima cha kwao. Maren alipima maji yale na kukuta mbolea ya mashambani imeingia ndani yake. Alipima tena. Darasa lilitoka, yeye akabaki. Wiki iliyofuata alileta chupa tisa, za visima vya majirani. Delmar ndiye aliyezizungukia, maana alijua kila shamba kwa lori lake.

"Sasa unatafuta nini humo?" alimuuliza.

"Nataka kujua mbolea inaingilia wapi, baba, na inazuiwaje." Maren alisema haraka haraka, bila kumeza mate. Alieleza udongo, alieleza mabomba ya chini ya mashamba, alieleza mpaka chakula kikapoa. Delmar na Joleen walitazamana. Hawakuelewa hata nusu, lakini hawakuwahi kumsikia akiongea hivyo.

Aliomba kuhamia chuo kikuu kilekile, fani ya sayansi ya maji. Barua ilirudi Aprili. Masomo yake yote ya miaka miwili yalikubaliwa, hata ufinyanzi. Angeingia mwaka wa tatu.

Agosti, Delmar alimpeleka. Waliegesha mbele ya bweni. Hakuzima injini mara moja.

"Nataka nikuambie kitu," alisema. "Siku ile ya sherehe nilidhani umeitupa zawadi yangu. Niliona aibu mbele ya watu. Nilitaka kukupa kitu kikubwa, kikubwa kuliko nilichopewa mimi."

"Ulinipa, baba."

"Nini? Chuo cha jamii ada yake ilikuwa ndogo tu."

"Ulinipa miaka miwili ya kutojua, nikila mezani kwako. Hapa ningeogopa kusema sijui. Ningekuwa mhasibu mbaya sana."

Delmar alicheka, kisha machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Alizima injini, akashuka, akabeba boksi lililo zito kuliko yote. Mlangoni, kijana wa bweni aliyekuwa akipokea wanafunzi aliwauliza kama Maren ni wa mwaka wa kwanza.

"Wa tatu," alijibu Delmar kabla ya binti yake kufungua mdomo. "Anasoma maji."