Saa ya Mzee Shawqi

Mkokoteni wa juisi ya miwa ulimsukuma Nirmin hadi ndani ya duka ambalo hakulikusudia. Ndivyo mtaa wa Bab al-Luq ulivyo saa sita mchana: unachagua mlango wako, watu wanakuchagulia mwingine. Alivaa koti la kijivu na mtandio wa rangi ya haradali. Tangu msiba wa baba yake, Mzee Shawqi, miezi minne sasa, uso wake haukuwa umelia wala kucheka.

"Karibu, bibie. Umepotea au umetumwa?" aliuliza Mutaz, fundi wa bodi za vifaa vya umeme, pasi ya kulehemu mkononi.

"Nimesukumwa." Akaweka saa ya mezani mbele yake. "Baba aliitengeneza mwenyewe. Kila alfajiri iliniambia kwa sauti yake, 'Nirmin, amka, chai inapoa.' Juzi imenyamaza. Sina sauti yake nyingine."

"Kwani mimi nipo kwa ajili ya nini? Itasema mpaka uichoke."

Mdomo anao, lakini kazi anaijua. Alichomeka waya, akafungua programu kwenye kompyuta apime kumbukumbu ya chipu iliyohifadhi ile sauti. Programu ikauliza: chipu imefungwa, nifungue? Jamani, mafundi wa mtaa ule hawalisomi swali hilo! Bodi za mitumba karibu zote huja zimefungwa, kidole hubonyeza Ndiyo chenyewe, na cha Mutaz kikabonyeza. Na chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kufungua ni kufuta kila kitu.

Kipimo kikaisha. Chipu nzima, haina kasoro, ila kila mstari FF, FF, FF, yaani tupu. Ndipo alipogeuza saa, akaona waya wa spika umekatika. Ubovu ulikuwa huo tu.

Angesema pale pale. Alimtazama Nirmin usoni, akaogopa. "Chipu imekufa, pole. Niachie, nitajaribu."

Nirmin akawa anapiga simu kila adhuhuri.

"Haloo, daktari. Mgonjwa wangu?"

"Anapumua. Wewe umekula?"

"Sisikii njaa. Sisikii chochote, Mutaz. Kama fizi iliyodungwa ganzi."

"Njoo nikulishe koshari. Usipoisikia ile pilipili, nakupeleka hospitali."

Alikuja. Pilipili ya ule wali wa dengu na tambi hakuisikia, lakini alikuja tena, na tena, wiki sita. Siku moja Mutaz akamwita kipenzi.

"Ukiniita hivyo nasikia kitu," Nirmin alisema. "Kidogo. Endelea."

Mutaz roho ikamsuta, akaweka kijiko chini. "Nirmin, chipu haikufa. Niliifuta mimi. Nilibonyeza bila kusoma. Ni waya tu uliokatika."

Hakupiga kelele. "Kumbe wiki sita nakula na mtu aliyemzika baba yangu mara ya pili," alisema, taratibu, kama anayesoma orodha ya sokoni. Akachukua saa yake akaondoka.

Mutaz alipiga simu mpaka akaona haya. Akabandika karatasi juu ya meza: SOMA KWANZA. Wenzake wakamcheka, "Injinia kaoa karatasi!"

Zikaja siku za khamsini, ule upepo wa jangwani, vumbi mpaka kwenye chai. Nirmin akaingia, mtandio ule ule, akaweka saa na simu mezani.

"Nimerekodi mwenyewe, maneno yale yale. Iandike humo."

Mutaz aliunga waya, akaandika, akahakiki mstari kwa mstari. Saa ikasema kwa sauti ya kike, kavu: "Nirmin, amka, chai inapoa."

"Umeisoma kama tangazo la treni," alisema Mutaz.

"Ndiyo sauti niliyo nayo."

Programu ikauliza kama ifunge chipu. Safari hii alisoma mpaka herufi ndogo, kwa sauti. "Nifunge?"

"Usifunge. Baba aliifunga asije mtu akaichezea, ndiyo maana tumeipoteza sauti yake. Iache wazi."

"Na mimi je?"

"Sijakusamehe. Utaisikia kila alfajiri mpaka uzeeke, hiyo ndiyo adhabu yako."

"Nimekuba..." Mutaz akashtuka. "Kila alfajiri? Niisikilizie wapi?"

"Kwako, kwangu, nitajuaje? Kamuulize mama, mjinga wewe! Ijumaa baada ya sala. Vaa shati lenye vifungo vyote. Na usichelewe, chai inapoa."

Maneno hayo yalimtoka kinywani kwa sauti ya baba yake hasa, na ukali wake wote. Nirmin akaziba mdomo. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, mbele ya duka zima.