Damu Iliyobadilishwa Njiani

Saa sita mchana Dokta Eustace aliwapigia simu polisi wa Geita. Damu iliyopimwa haikuwa ya mgonjwa wake.

Inspekta Shadya alifika akitoka jasho. "Umejuaje?"

"Nyamizi ana lupasi. Seli za kinga, askari wa mwili, zinamshambulia mwenyewe. Huwa tunapima alama zilizo juu ya seli hizo, tujue ugonjwa umechachamaa au umetulia. Majibu yakasema umetulia, nikampunguzia dawa. Sasa mtoto wa watu kavimba mwili mzima, figo zinagoma. Nimerudia kupima kichupa. Damu ni kundi O. Nyamizi ni B!"

"Nani hupeleka vichupa maabara?"

"Magesa wa bodaboda. Nkwabi, kaka wa mgonjwa, humsindikiza."

Magesa alianza kuapa hata kabla hajaulizwa. "Wallahi afande, mimi naendesha pikipiki tu! Boksi anashika Nkwabi. Tukifika kwenye duara lake, shimo anakochimba dhahabu, ananiambia nisubiri, anaingia nalo kibandani."

"Kufanya nini?"

"Eti kusalimia wachimbaji. Na boksi la damu! Mimi ningeuliza nini?"

Walimkuta Nkwabi wodini, kando ya kitanda cha mdogo wake. Joto lile, naye kavaa koti.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Vua koti."

Akasita, akavua. Ndani ya kiwiko cha kushoto palikuwa na matundu mawili ya sindano, moja bado bichi.

"Nani alikutoa damu?"

"Mwenyewe. Ng'ombe nawadunga tangu utotoni."

"Na ya Nyamizi iko wapi?"

Nkwabi aliangalia sakafu. "Dokta alituambia damu yake ina askari wakali, hawazuiliki. Nikamwambia mganga. Akasema damu ya hivyo ikimwagwa duarani, mwamba utalegea. Nikaimwaga yote, nikaweka yangu. Ilikuwa ya kupimwa tu, afande! Ingemdhuru vipi?"

Loo! Eustace alishika kichwa. Maneno yale ya askari alikuwa ameyatafuta kwa upendo, wapate kuelewa.

"Alipunguziwa dawa kwa majibu ya damu yako," Shadya alisema. "Wewe ni mzima, Nkwabi. Yeye siyo."

Hapo Nyamizi akafumbua macho yaliyovimba. Kumbe alikuwa anasikia.

"Kaka, mwamba umelegea?"

"Bado, mdogo wangu."

Nyamizi akageukia ukutani. Shadya alipokuwa akimfunga kaka mtu pingu, Eustace aliinama kutazama mfuko wa mkojo uliokuwa chini ya kitanda. Ulikuwa mtupu tangu asubuhi.